Uso Aliokataa Kuunoa

Ukimkuta Mama Studio amesimama katikati ya njia yetu ya vumbi pale Kinondoni, upande wa Mkwajuni, picha ameinyoosha mbele kwa mkono mmoja, jicho moja amelifumba, na mkokoteni wa maji unamsubiri apishe, ujue kuna uso anaukagua. Hapishi. Mwenye mkokoteni atapiga mluzi, atasema, "Mama, njia!" naye atajibu bila kugeuka, "Ngoja kwanza baba, huyu bwana harusi pua yake imenikataa." Akishamaliza ndipo anarudi barazani taratibu, anaburuza kandambili, na yule wa maji anaondoka anacheka peke yake.

Baraza lile lilikuwa letu wawili. Kulia studio yake, kushoto cherehani yangu, katikati benchi la wateja ambalo kila mmoja wetu alidai ni lake. Mie ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzaramo wa hapa hapa, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtu asiyejua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo angetusikia asubuhi angekimbia kumwita mjumbe. Namwamkia shikamoo, maana ni mkubwa kwangu, anaitika marahaba vizuri kabisa, halafu papo hapo: "Mpagazi wangu, leo umebeba nini?" Namwambia nimebeba jeneza lake, natafuta pa kulitua. Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa khanga, kisha ananiambia nilitue kwenye benchi lake. Benchi langu, namwambia. Siku imeanza.

Naanza na haya ya kucheka kwa sababu nikianza na lile jingine nitaonekana nina kinyongo. Na kinyongo nilikuwa nacho, sifichi. Marehemu mama yangu aliacha picha moja tu, nayo uso haueleweki, na katika watu wote ninaowajua mwenye mashine ya kuweza kuusafisha uso ule alikuwa mmoja. Jirani yangu. Tunakula sahani moja, tunapakuliana futari. Akakataa.

Studio ile aliirithi kwa mumewe. Alihamia nayo kutoka Kiwalani baada ya kufiwa: kamera ya filamu, vyombo vya chumba cha giza, na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inapaa juu yake. Nani aliwahi kuona ndege inapaa kwenye maporomoko, mie sijui, lakini nusu ya Kinondoni imepigwa picha mbele ya ndege ile. Halafu biashara ikafunguliwa, vitu vikaanza kumiminika mjini. Mie nilikula hasara, maana mitumba iliingia kwa marobota na watu wakaacha kushonesha. Yeye aliula. Kaka yake, aliyekuwa akienda Dubai kufuata friji na redio, siku moja alirudi na kompyuta, skana na printa, akamwambia, "Dada, dunia imehamia humu."

Kompyuta ile aliipokea kama mkwe. Aliniagiza niishonee nguo, kitambaa cha maua chenye lesi pembeni, na kila jioni akishamaliza kazi anaifunika. Kuingia chumba kile lazima uvue viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi, hata uwe nani. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwashia, Bismillahi. Umeme ukiyumba, na miaka ile uliyumba kila siku ambayo haukukatika kabisa, anaruka na kuishika stabilaiza kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mtani, hata mumeo hukumtunza hivi." Akasema, "Mume wangu alikuwa anakoroma. Hii haikoromi." Uongo mtupu. Ile kompyuta ilinguruma kuliko mashine ya kusaga.

Mhindi mmoja wa mjini alimfundisha nusu, nusu nyingine akaitafuta mwenyewe kwa kubonyezabonyeza. Kazi iliyomletea jina ilikuwa kunoa picha. Ndivyo alivyoiita, na kwenye kioo cha mbele aliandika kwa rangi nyekundu: TUNANOA PICHA. Wiki ya kwanza mzee mmoja akaja na panga. Lakini watu walielewa upesi. Unaleta picha ya zamani, au iliyopigwa na mtu mwenye mkono wa kutetemeka, anailaza kwenye skana, inatokea kwenye kioo cha kompyuta, naye anaanza kuihangaikia mpaka vitu vinajitokeza: ukope, kifungo cha shati, nyuzi za kofia ya kiua. Ukiiona hujui kama ni ile ile.

Siku moja nikamuuliza, hiyo mashine inaitoa wapi mistari ambayo haikuwepo? Akanitazama kwa huruma.

"Haitoi popote. Wewe ukimaliza kushona, mshono si unaupiga pasi?"

"Naupiga."

"Kabla ya pasi umevimba, hauonekani vizuri. Ukishapiga pasi umenyooka, mtu anasema fundi huyu hodari. Kwani umeongeza uzi?"

"Sijaongeza."

"Basi na hii ndiyo hivyo. Pale giza linapokutana na mwanga, penye giza inapaongezea giza kidogo, penye mwanga inapaongezea mwanga. Jicho lako linadanganyika, linaona makali. Kitambaa ni kile kile, mtani."

"Na pasi ikizidi?"

"Unaunguza. Picha nayo inaungua hivyo hivyo."

Akanionyesha picha iliyoungua. Kichwa kilikuwa na uzi mweupe kukizunguka kama mtu kakichora kwa chaki, na ngozi imekuwa chengachenga, huijui kama ni shavu au ukuta usiopigwa lipu. Yeye mwenyewe aliunguza nyingi mwanzoni. Kuna mzee wa msikitini alitaka picha ya pasipoti ya kwendea Hija, na Mama Studio, bado mgeni wa mashine na ana moto wa kazi, akamnoa mzee wa watu kila kunyanzi na kila unywele wa ndevu. Kesho yake mke wa mzee akaja barazani, ile picha ameishika kwa ncha za vidole. "Mama Studio," akasema kwa upole, "mume wangu ulimpiga picha au ulimparua?" Mie niliangusha mkasi kwa kicheko. Mama Studio aliirudia kazi ile bure, na ni tangu siku hiyo akaanza kutoka na picha mpaka njiani kuzitazama. "Picha uitazame kwa mbali," alikuwaga anasema. "Ukiisogelea sana inaona haya."

Hakupenda haraka, na hakupenda kusimamiwa. Mteja akianza kupumua nyuma ya shingo yake, anainuka anakwenda kupika chai. Wino wa printa aliuonea uchungu kama damu yake, angekuchapia picha mbovu tatu kwenye kikaratasi kidogo kabla ya kukuchapia moja nzuri, lakini kashata alikuwa anagawa kwa kila anayepita, na jioni analalamika kwamba kashata za siku hizi hazikai. Aliswali kwa wakati. Akitoka kuswali, kitu cha kwanza ni kunitukana.

Na msidhani alikuwa mtu wa kweli tupu. Thubutu! Bibi harusi mwenye chunusi alitoka kwake na uso wa yai. Kijana asiye na suti alivishwa suti ya mtu mwingine, ikamkaa vizuri kuliko mwenyewe. Mama mmoja wa Mwananyamala aligombana na wifi yake, akaleta picha ya harusi, na Mama Studio akamng'oa wifi mzima mzima, mahali pake akaweka chungu cha maua. Nikamwambia, "Sasa huo si uongo?"

"Uongo gani? Chunusi ni mgeni, ingeondoka yenyewe. Mie nimeiharakisha."

"Na wifi?"

"Huyo pia ni mgeni."

Mtu wa namna hiyo, mwenye poda na wanja kila asubuhi, hina haikauki vidoleni, ungedhani atajipiga picha mpaka azichoke. Wapi! Ukimwelekezea kamera anajifunika khanga gubigubi. Picha yake niliyowahi kuiona ni moja, ndogo ya kitambulisho, ameibandika ndani ya mlango wa kabati la karatasi. Nikimchokoza kwamba anaogopa asije akaivunja kamera, anasema yeye ndiye mpigaji, sasa nani abaki huku nyuma?

Kwenye kioo cha mbele alitundika picha moja kubwa, ndiyo iliyokuwa tangazo lake. Msichana mdogo wa shule, nywele kasukwa twende kilioni, kola nyeupe imenyooka, na macho yale sasa! Makali, meusi, yanakufuata hata ukipita upande wa pili wa njia. Wateja walikuwa wanaionyesha kwa kidole kabla hata ya salamu. "Mama Studio, nataka kama ile." Mie nilijua ni mteja wa zamani. Halafu siku moja nikafika asubuhi nikakuta haipo, pametundikwa picha ya msikiti. Nikauliza, akasema jua linaipausha. Sikufikiria zaidi.

Mama yangu alifariki Tabora wakati wa masika, reli imekatika kwa mafuriko. Habari ilinifikia ameshazikwa. Unajua uchungu wa kutozika? Nilikaa chini chumbani kwangu na majirani wakaja kunipa pole, wamenuna wote kama inavyotakiwa, mie nimekauka, hata chozi halitoki. Mara mlango ukafunguka, akaingia Mama Studio. Amevaa gauni langu la kazini, amejitundika futi yangu ya kupimia shingoni, anawauliza waombolezaji nani yuko tayari apimwe sanda. Akampima mwenyekiti wa mtaa kiuno. Akatangaza kwamba msiba huu wa Wanyamwezi hautaisha mpaka yeye Mzaramo apewe kuku, na kuku mwenyewe asiwe wa kukonda kama mfiwa. Ndiyo haki ya mtani, na mie nilicheka, na kicheko kile ndicho kilichofungua kilio. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu, na aliyenishika alikuwa yeye, bado ana gauni langu.

Reli ilipotengenezwa mdogo wangu akaja, akaniletea picha. Kumbe ipo moja! Ilipigwa kwenye harusi ya binamu yetu. Wanawake wamesimama mstari, mama yangu katikati, amevaa kitenge chake cha majani ninachokijua, mkono mmoja umeshika upindo wa kitenge kiunoni. Wenzake wote wametulia. Wake uso umecheza. Unaona weusi wa nywele, unaona pale panapopaswa kuwa na macho, lakini ukitazama vizuri ni kivuli kimejivuta kwenda upande mmoja, basi. Niliigeuza kwenye mwanga kila namna. Mama yangu nilimwacha Tabora nikiwa msichana, nikawa namwona mara moja baada ya miaka, na nilikuwa nimeanza kuogopa kitu ambacho sikumwambia mtu: kwamba uso wake unanitoka.

Lakini sikuhuzunika. Kwa nini nihuzunike, nami nina Mama Studio? Nilivua viatu mlangoni nikiwa najiona nimebahatika.

Akailaza picha kwenye skana. Ikatokea. Akaanza kunoa, na wallahi nilishuhudia kazi. Majani ya kitenge yakajitokeza moja moja. Bangili ikatokea. Kucha. Mshono wa bega, hata nikaona kwamba fundi wake alikuwa mvivu. Nilikuwa nalia kimyakimya kwa furaha. Kisha mkono wake ukaacha kusogeza mausi.

"Hapa ndiyo mwisho," akasema.

"Bado uso."

"Uso huu siunoi."

Mie nikacheka. Si mtani huyu? Aliyempima mwenyekiti sanda? Nikajua anadai haki yake, maana kuku wa msiba nilikuwa sijamtoa bado. Nikampiga bega, nikamwambia, "Haya, kuku wako kesho asubuhi, jogoo mwekundu. Maliza kazi."

Hakucheka. Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nacheka peke yangu.

"Kuku wako kaa naye," akasema. "Hapa sitanii. Tazama mkono wa mama yako, umetulia. Wenzake wametulia. Kwa hiyo kamera haikutikisika, mpiga picha alijua kazi yake. Aliyecheza ni yeye tu, tena kichwa tu. Kageuka. Kuna mtu kamwita."

"Sasa si umtafute humo ndani?"

"Hamna wa kumtafuta. Pasi ninayo, mtani. Kitambaa ndiyo sina."

Hasira ikanipanda. Nikamkumbusha suti ya yule kijana, nikamkumbusha wifi wa Mwananyamala na chungu cha maua. Watu baki unawafanyia, mie unanionea nini? "Kama macho hayapo, weka!" nikamwambia. "Chukua ya mdogo wangu. Chukua hata yangu mie, kila mtu anasema nimefanana naye. Niweke macho yangu!"

Hapo alibadilika. Alizima kompyuta bila kufuata utaratibu wake, akaifunika kile kitambaa cha maua, mchana kweupe, wateja wako kwenye benchi. "Nenda Magomeni," akasema akiwa amenipa mgongo. "Kuna vijana wamefungua, wao wanaweka chochote."

Nikaenda kweli. Nilifika mpaka mlangoni kwa wale vijana wa Magomeni. Kioo chao kilikuwa kimejaa watu walioungua, kila kichwa kimezungushiwa chaki, kila jicho linang'aa la aina moja, mzee na mtoto. Nikamfikiria mama yangu yuko katikati ya watu wale. Nikageuza. Lakini kurudi si kusamehe. Nilirudi na picha yangu mkobani na moyo wangu umejaa.

Alinichapia ile aliyoinoa, uso wenyewe ameuacha vile vile, akaiweka kwenye meza ya cherehani nikiwa sipo. Niliitia kwenye droo chini ya rili za uzi. Na baada ya hapo tukaishi namna mbaya kuliko ugomvi: tukawa na adabu. Shikamoo. Marahaba, hujambo? Sijambo. Basi. Hakuna mpagazi, hakuna jeneza. Hata benchi tukawa tunaachiana, kaa wewe, hapana kaa wewe. Majirani walikuwa wanatutazama kama watu wawili walioanza kuugua.

Utani ulirudi kwa bahati tu, siku nilipokalia miwani yake. Aliinua vipande akavitazama, akasema Wanyamwezi wamebeba mizigo mpaka makalio yamekuwa mawe, na kabla sijajizuia nikamjibu. Tukacheka. Jambo la picha hatukuligusa. Likawa kama kidonda kilichojifunika juu, unakiacha.

Kisha mwenye nyumba akaiuza nyumba, aliyenunua akataka kuweka baa, tukatawanyika. Mie nikapata chumba huko huko Kinondoni. Yeye akaenda Boko, kwenye nyumba ambayo kaka yake alikuwa anaijenga polepole, na zamani zile Boko kulikuwa safari. Miaka ikapita. Zilikuja salamu, baadaye zikaja habari kwamba macho yamemharibikia, mtoto wa jicho, yote mawili, na anaogopa kufanyiwa upasuaji kuliko anavyoogopa kutoona. Nilipolisikia hilo sikuweza kukaa. Nikanunua jogoo mwekundu, nikamfunga miguu, nikaenda.

Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Shikamoo, Mama Studio."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mpagazi wako."

Kisha sauti ile ile: "Leo umebeba nini?"

"Kuku."

"Alhamdulillahi! Msiba wa mwaka gani huu, ndiyo unaisha leo?"

Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejipaka poda, upande mmoja imezidi kwa sababu haoni. Machoni mna ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Pembeni kompyuta imekaa chini ya kitambaa changu cha maua, imeshakufa siku nyingi, lesi imepauka. Na ukutani, juu yake, yule msichana wa twende kilioni ananitazama.

"Kumbe unayo bado," nikasema. "Huyu nani hasa?"

"Mwanangu."

Nilijua miaka yote ile kwamba hana mtoto. Alinieleza polepole, anapapasa ukingo wa mkeka. Alikuwa na binti mmoja, huko Kiwalani. Homa ilimchukua. Baba yake, mpiga picha za watu wote, alimpiga mwanawe picha moja tu, siku alipoanza shule, na mtoto hakutulia, akaruka. Ikacheza. Baadaye baba naye akafariki. Picha ilikaa kwenye fremu mpaka unyevu ukaigandisha kwenye kioo, ukiivuta inachanika.

"Kompyuta ilipokuja, kabla ya mteja yeyote nilimlaza yeye kwenye skana, na kioo chake," akasema. "Kila siku nikamnoa kidogo. Leo kola, kesho mdomo. Macho yakakataa. Nikanoa mpaka yakaungua. Basi nikachukua macho kwenye picha yangu ya kitambulisho, nikayapunguza, nikamwekea. Mtani, nilifurahi! Nikasema mwanangu karudi. Nikamtundika dirishani watu wamwone. Disketi zenyewe zilikuwa za shida, nikasevu juu ya ile ya mwanzo, ikafutika. Na nilitaka akae kwenye fremu aliyoinunua baba yake, kwa hiyo kile kioo nikakikwangua kwa wembe, ile picha mbovu ikatoka unga, nikakiosha."

Jogoo alikuwa anajipigapiga uani.

"Ulimtoa lini dirishani?"

"Nilipotaka kumkumbuka siku moja, nimefumba macho hivi, akanitazama kwa macho yangu mie. Nikajaribu tena. Hivyo hivyo. Ya kwake yalikuwaje? Sijui. Nilimzaa, nimemnyonyesha, sijui. Ile picha mbovu ilikuwa inaniacha nimtafute, na nikimtafuta nilikuwa nampata."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ungesema nakutania."

Na kweli ningesema. Nilishika mkono wake, wenye hina ya kupakwa na mtu mwingine, na uchungu niliokuwa nimemwekea miaka yote ile niliutafuta nikaona ni wake, si wangu. Nikalia. Akaniambia nisimlowanishie mkeka.

Tulikula, tukasema watu. Alipochoka nikaaga. Nilikuwa nimefika mlangoni, jua la mchana liko nje nyuma yangu, nimevaa kitenge, umri wangu siku ile ndio umri wa mama yangu kwenye harusi ya binamu. Niliinama kuchukua viatu, nikasimama, nampa mgongo.

"We mtani!" akaita kwa nguvu.

Nikageuka ghafla.

"Hapo hapo. Usisogee."

Alikuwa ameinyoosha mikono yake mbele kama ameshika picha, jicho moja amelifumba. Alikaa hivyo muda.

"Naona kitenge," akasema. "Naona bega. Naona nywele. Uso umecheza. Ndiye yule wa kwenye picha yako, mtani, vile vile, kageuka kaitwa. Ndiye mama yako."

"Usinitanie," nikasema.

"Kuku nimeshapokea. Sitanii."

Nikabaki nimegeuka vile vile, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, naogopa hata kupumua, uso usije ukatulia, mama akanitoka tena.